Jezi Ifuliwe na Aliyeivaa

Mwaka huu nimeamua kuandika juu ya jambo ambalo kila mtu shuleni mwetu analijua kwa pua lakini hakuna anayetaka kulitaja kwa mdomo. Nalo ni harufu ya jezi zetu za michezo. Msicheke. Jambo hili limeanza kuleta ugomvi kati ya wavulana na wasichana, na tusipolitatua mapema litatuvunjia timu. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maoni yangu nitayatoa mapema ili hata yule mvivu wa kusoma ajue msimamo wangu. Jezi ifuliwe na yule aliyeivaa, nyumbani kwake, jioni ile ile ya mchezo. Isifuliwe na mama yake, wala dada yake, wala wale wanafunzi wageni tunaowaita mamono, wala timu ya wasichana. Sasa nitaeleza sababu.

Kwanza tutazame hali ilivyo. Muhula wa pili ndio muhula wa kandanda, netiboli na voliboli. Hapa kwetu Limuru muhula huo ndio pia wa baridi, hasa mwezi wa Julai, wakati ukungu unapofunika mashamba ya majanichai na jua kuwa kama mgeni asiyetaka kukaa. Uwanja wetu ni wa udongo mwekundu. Mchezaji akianguka mara moja tu, jezi nyeupe inakuwa ya kahawia. Mchezo ukiisha Ijumaa jioni, jezi zote hukusanywa zikiwa mbichi kwa jasho na matope, zikatiwa ndani ya gunia moja, gunia likafungwa kamba na kusukumwa kwenye kona ya stoo ya michezo. Stoo yenyewe haina dirisha. Hufungwa kwa kufuli mpaka Jumatatu. Hebu tupige hesabu pamoja. Kutoka saa kumi na moja jioni ya Ijumaa mpaka saa moja asubuhi ya Jumatatu ni saa 62. Kitu gani kibichi ukikifunga kwenye gunia kwa saa 62 kitatoka kinanukia? Hata sukumawiki itaoza.

Matokeo yake tumeyaona. Katika mashindano ya mwaka huu, vijana wetu wa kandanda walipopanga mstari kuwasalimu wapinzani wao, wapinzani walitoa mkono mmoja na kushika pua kwa mkono wa pili. Mashabiki walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini kuna mwenzetu mmoja, mlinzi hodari, ambaye hakucheka. Tangu siku ile amebandikwa jina ambalo sitaliandika hapa, na siku hizi haonekani mazoezini. Mtu ambaye hakuna mshambuliaji aliyeweza kumpita, amepitwa na harufu. Na harufu yenyewe si yake, maana jezi aliyopewa siku ile ilitoka moja kwa moja ndani ya gunia. Je, huo ni uungwana?

Baada ya aibu hiyo uliitishwa mkutano wa michezo. Hapo ikatolewa rai kwamba timu ya voliboli ya wasichana ichukue jezi zote, zetu na za wavulana, tuzifue Jumamosi. Sababu iliyotolewa ni ati wasichana ni wasafi kwa maumbile. Makofi yakapigwa! Mimi ni mchezaji wa voliboli na nilikuwamo mkutanoni. Nataka kumjibu aliyetoa rai ile kwa heshima na taadhima, na nitamjibu kwa hesabu.

Wachezaji wa kandanda wanaovaa siku ya mchezo ni 18. Hiyo ni jezi 18, kaptura 18 na jozi 18 za soksi, jumla ya mafurushi 54 ya kufua. Sisi wa voliboli tuko 12, na kila mmoja ana jezi yake, kaptura yake na soksi zake. Kwa hivyo kila msichana atafua vitu vyake vitatu, kisha aongezewe vinne au vitano vya wavulana. Na Jumamosi kwa msichana wa shule ya kutwa si siku ya kupumzika. Kuna sare ya shule ya kufua, kuna maji ya kuteka, kuna wadogo wa kulisha, kuna mapishi, na juu ya hayo yote kuna vitabu, kwa sababu KCSE haimwulizi mtu kama alikuwa akifua jezi za wenzake. Lakini kama kila mchezaji atafua vitu vyake vitatu, kazi hiyo haizidi nusu saa. Sasa niambieni, ni lipi lililo rahisi? Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Na hili la maumbile, jamani, tuliache. Hakuna mtoto aliyezaliwa na karai mkononi. Msichana anajua kufua kwa sababu alifundishwa akiwa na miaka sita au saba. Mvulana naye akifundishwa atajua. Sabuni haiulizi ni nani anayeishika.

Nimesema pia isifuliwe na mama. Hapa najua nitaudhi wengi, kwa kuwa wachezaji wengi hawafui kabisa. Mtu akifika nyumbani na mfuko wake anausukuma chini ya kitanda, basi. Ati mama ataona. Mama mwenyewe pengine ametoka alfajiri kuchuma majanichai, amebeba kikapu mgongoni kutwa nzima, amerudi kuwasha jiko. Halafu aje avue chini ya kitanda chako kitu ambacho hata wewe mwenyewe hutaki kukinusa? Mchezaji aliye na nguvu za kukimbia dakika 90 hawezi kukosa nguvu za kufua soksi mbili.

Sasa tuingie katika elimu kidogo, maana tatizo usilolijua huwezi kulitibu. Watu hudhani jasho ndilo linalonuka. Sivyo. Katika Biolojia ya kidato cha pili tulifundishwa kwamba jasho ni maji, chumvi na taka kidogo kama vile urea. Jasho likitoka mwilini halina harufu ya kutisha. Kinacholeta uvundo ni bakteria wanaoishi juu ya ngozi yetu. Bakteria hao hula jasho na mafuta ya mwili, kisha wakatoa asidi na vitu vingine vyenye harufu. Makwapani kuna tezi za jasho za aina ya pekee ambazo huanza kufanya kazi mtu anapobaleghe. Ndiyo sababu mtoto wa miaka minane hucheza mpaka jioni asinuke kikwapa, lakini sisi wa miaka kumi na sita tukicheza nusu saa tu, mambo yameharibika. Kwa hivyo kunuka baada ya mchezo si dhambi, ni dalili ya kukua. Kosa ni kuwapa bakteria wale nyumba, chakula na muda.

Muda ndio jambo kubwa. Bakteria hupenda unyevunyevu, giza na joto, na ndani ya gunia vyote vitatu vinapatikana. Tena jezi za siku hizi hazishonwi kwa pamba, bali kwa polista. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent huko Ubelgiji walitangaza matokeo ya jaribio lao. Watu 26 walifanya mazoezi makali ya baiskeli wakiwa wamevaa fulana, kisha fulana zile zikahifadhiwa gizani kwa saa 28 kabla ya kunuswa. Zile za polista zilinuka vibaya kuliko zile za pamba. Yaani saa 28 tu zilitosha, nasi jezi zetu za polista tunazifungia saa 62! Halafu tunashangaa.

Tena si harufu pekee. Vazi bichi likivaliwa na huyu leo na yule kesho bila kufuliwa, hueneza fangasi. Ndio huleta ule muwasho kati ya vidole vya miguu, na choa mapajani. Mchezaji anayejikuna hawezi kuutazama mpira.

Basi tufueje? Nitaeleza ninavyofanya mimi nyumbani, na kila hatua ina sababu yake.

Ukifika nyumbani, kabla hata ya kunywa chai, toa nguo zote kwenye mfuko na uzitundike mahali penye hewa. Hilo peke yake ni nusu ya kazi. Kung'uta matope, kisha suuza kwa maji baridi bila sabuni mpaka udongo mwekundu utoke. Ukitia sabuni juu ya matope utakuwa unapaka rangi tu.

Pili, geuza jezi, kaptura na soksi nje ndani. Jasho na bakteria viko upande uliogusa ngozi. Watu wengi husugua namba ya mgongoni mpaka ikabanduka, huku makwapa ya ndani hayajaguswa.

Tatu, loweka kwa nusu saa. Kama harufu imezoea nguo, tia kijiko kimoja cha magadi katika lita 5 za maji. Magadi ni yale yale wanayotumia akina mama kulainishia maharagwe, yanayotoka Ziwa Magadi kule Kajiado, na sokoni si ghali. Hapa Kemia inatusaidia. Harufu ya soksi hutokana zaidi na asidi, na magadi ni besi. Asidi na besi vikikutana huuana nguvu. Asiye na magadi anaweza kutumia siki, nusu kikombe katika maji hayo hayo, nayo husaidia kuondoa mabaki ya jasho na sabuni. Chagua kimoja, usitie vyote viwili, maana siki nayo ni asidi na vitamalizana vyenyewe kabla ya kufika kwenye soksi.

Nne, fua kwa sabuni ya kawaida, ya mche au ya unga. Sugua makwapa, ukosi na nyayo za soksi. Usitumie maji yanayochemka, kwa sababu hubandua namba na kuharibu mpira wa kiunoni. Wala usikimbilie Jik kwa jezi za rangi, itazitia mabaka. Na hapa naomba mnisikilize vizuri: Jik isichanganywe na siki hata siku moja. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini ambayo ni sumu ya mapafu. Ni heri jezi inuke kuliko mtu azirai bafuni.

Tano, suuza mpaka povu liishe. Sabuni inayobaki kwenye nguo hunasa uchafu mpya, na jezi ikilowa jasho tena harufu ya zamani hurudi.

Sita, kukausha. Hapa ndipo watu wa Limuru hutoa sababu zao: hakuna jua. Ni kweli jua ni dawa, kwani mionzi yake huua viini. Lakini upepo nao hukausha. Kamua jezi, ikunje ndani ya taulo kavu au leso nzee, kisha ikanyage kwa miguu safi. Taulo litanyonya maji mengi. Halafu tundika chini ya paa ambapo mvua haifiki lakini upepo unapita. Polista hukauka upesi kuliko pamba, na kwa kawaida jezi iliyofuliwa Ijumaa usiku huwa kavu Jumamosi jioni hata kukiwa na ukungu. Usiitundike juu ya jiko la kuni. Utaondoa harufu ya jasho na kutia harufu ya moshi.

Njumu nazo zisisahaulike. Toa kamba na soli ya ndani, sugua kwa mswaki mkuukuu, kisha jaza magazeti ndani. Magazeti yakilowa, yabadilishe. Usiziweke karibu na moto kwa sababu gundi hulegea na soli ikaanza kucheka. Vilinda-ugoko vioshwe kwa sabuni na kufutwa vikauke. Glavu za golikipa ziminywe taratibu katika maji ya uvuguvugu na kuanikwa kivulini, kwani ukizisokota au kuzianika juani mpira wake hukatika. Mwisho jioshe miguu na uifute kati ya vidole. Soksi safi juu ya mguu mchafu ni kazi bure.

Najua kuna wanaonipinga. Wengine watasema, "Wewe unaongea tu, kwetu maji tunanunua." Hoja hiyo siidharau, kwa sababu hata kwetu mfereji hukauka wiki nzima na maji huletwa kwa mkokoteni. Lakini jezi moja, kaptura moja na jozi moja ya soksi zinahitaji mtungi mmoja wa lita 20: lita 5 za kuloweka, 5 za kufua na 10 za kusuuza mara mbili. Maji ya mwisho hayamwagwi. Yanaosha njumu, kisha yanaosha sakafu au choo. Mvua ikinyesha kinga maji ya paani, maana maji ya mvua hutoa povu kwa sabuni kidogo. Na kwa yule ambaye kwao hata huo mtungi mmoja ni shida, nitapendekeza jambo hapa chini. Sitaki sheria inayomwaibisha maskini.

Wengine watasema jezi zikienda nyumbani zitapotea au zitaibwa kwenye kamba. Hofu hiyo ina msingi, kwani jezi ni mali ya shule. Lakini vitabu vya kiada navyo ni mali ya shule, na twaenda navyo nyumbani kila siku. Vinaandikwa kwenye daftari, na anayepoteza analipa. Kwa nini jezi isifuate mkondo huo huo? Anayeogopa wezi aanike chumbani.

Wengine watasema jezi ni za shule, kwa hivyo shule iajiri mfuaji. Sawa, lakini pesa hizo zitatoka wapi? Zitatoka kwenye karo ya wazazi wetu, au kwenye pesa za mipira na nauli ya mashindano. Mimi ningependa tupate mpira mpya kuliko kumlipa mtu anifulie soksi.

Na wavulana wengine, ambao hawatasema hadharani, wanaogopa kwamba wakionekana uani wakifua watachekwa na majirani. Hao nawajibu kwa jina moja: Eliud Kipchoge. Mwaka 2019 huko Vienna alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, jambo ambalo hakuna binadamu aliyekuwa amelifanya kabla yake. Bingwa huyo amefanya mazoezi kwa miaka mingi katika kambi ya Kaptagat, ambako wanariadha hufanya kazi za kambi wenyewe kwa zamu, hata kusafisha vyoo, naye akiwamo. Kama Kipchoge anashika ufagio wa choo, wewe ni nani usishike karai? Mwaka 2018 nao, timu ya taifa ya Japani ilishindwa na Ubelgiji mabao 3 kwa 2 katika Kombe la Dunia kule Urusi. Walikuwa na majonzi, lakini walikisafisha chumba chao cha kubadilishia nguo kabla ya kuondoka. Kushindwa hakukuwazuia kuwa watu.

Kwa hivyo naleta mapendekezo manne mbele ya mwalimu wetu wa michezo, manahodha na wenzangu wote.

Kwanza, gunia lile liondolewe. Jezi mbichi isifungiwe stooni hata kwa usiku mmoja. Pili, kila mchezaji apewe jezi yenye namba yake, iandikwe kwenye daftari, aende nayo nyumbani baada ya mchezo na kuirudisha Jumatatu ikiwa safi na kavu. Asiyeirudisha hivyo asicheze mchezo unaofuata, awe nyota au asiwe nyota. Tatu, kwa yule ambaye kwao maji ni ya shida, aruhusiwe kufua kwenye mfereji wa shule Ijumaa kabla ya kwenda nyumbani, bila kuulizwa maswali na bila kuchekwa, na tufungiwe kamba ya kuanikia chini ya paa la jengo la michezo. Nne, kutoka kwa pesa za michezo tununuliwe mche wa sabuni, ukatwe vipande, na kila mchezaji akabidhiwe kipande pamoja na jezi. Sabuni ni sehemu ya vifaa vya michezo kama vile pampu ya mpira.

Tena naomba, na hili halihitaji pesa wala mkutano, yule mlinzi wetu aitwe kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wanaomcheka wajinuse kwanza, maana nyani haoni kundule. Nahodha amwendee, amwombe arudi, na siku atakayorudi apewe jezi safi.

Sisi wasichana hatukatai kusaidia. Asiyejua kufua na aje na karai lake, tutamwonyesha mara moja bila malipo na bila kumcheka. Mara ya pili afue mwenyewe. Tutashangilia kandanda kama kawaida, tutapiga kelele mpaka sauti zikauke. Lakini soksi zenu, ndugu zetu, tumewaachia.

Kalamu yangu naiweka chini hapa. Mwenye maoni tofauti na ayaandike, chama chetu kipo na ukurasa upo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, timu ya voliboli ya wasichana